Shubiri ya Mteremkoni



Ndugu wasomaji wa ukurasa wa familia, kwa majuma mawili sasa tumeulizwa swali moja na watu wengi, wengine kwa ujumbe wa simu na wengine mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Alasiri: ule mmea wenye mikuki ya maua ya manjano, uliosimama juu ya mawe upande wa bondeni wa msikiti wetu, ni mmea gani, na je, ni kweli kwamba haumwagiliwi? Jibu la swali la kwanza ni fupi. Ni mshubiri, ule ambao vijana na wauza vipodozi huuita alovera. Jibu la swali la pili ni refu, kwa sababu haliwezi kuelezwa bila kusimulia jinsi mishubiri ile ilivyofika pale, na habari hiyo haiisifu sana kamati ya msikiti, ambayo kalamu yake ya ukatibu tunaishika sisi.

Anayeijua Morogoro anajua kwamba mji huu umelazwa miguuni pa Uluguru kama mtoto miguuni pa mama yake. Mji uko kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na kusini yake kilele cha Lupanga kinaupita urefu wa mita 2,100. Nyuma ya Lupanga, ndani kabisa ya safu hiyo, viko vilele vinavyopita mita 2,600. Mvua inayonyesha huko juu haina pa kwenda ila kuteremka. Sehemu yake huingia katika mto Ruvu na kwenda kunywewa na watu wa Dar es Salaam, na sehemu nyingine hupita katika vijito vinavyokatiza mitaa yetu. Ikifika masika, baina ya Machi na Mei, kila nyumba iliyojengwa mteremkoni hupokea maji ya jirani wa juu na kumpelekea jirani wa chini. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Lakini mwenye paa kubwa la bati na uwa uliosakafiwa kwa saruji hupeleka maji mengi zaidi kuliko aliyopokea, na mwenye paa kubwa kuliko wote katika mtaa wetu ni msikiti.

Pale saruji yetu ilipokoma, korongo lilianza. Mwanzoni lilikuwa mfereji wa kina cha shibiri moja, ambao watoto wa madrasa waliuruka kwa mchezo. Baada ya masika matatu lilikuwa limefika magotini, kisha kiunoni. Na chini ya korongo hilo anaishi bibi mmoja, mjane wa Kiluguru, ambaye si wa dini yetu, na ambaye aliishi hapo kabla ya tofali la kwanza la msikiti kuwekwa.

Bibi huyu alikuja kwetu mara tatu. Tunasema mara tatu kwa kuwa tumelifungua daftari la mihutasari na kuhesabu. Mara ya kwanza aliketi juu ya jiwe nje ya lango hadi swala ya Ijumaa ikaisha, akasema kwa upole, "Wanangu, maji yenu yananiamkia kabla yenu." Tukamwambia, "Bibi, tumesikia, tutalishughulikia," na tukaandika katika muhtasari kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Mwaka uliofuata tukaandika maneno yale yale. Mwaka wa tatu, tukiwa tumekwisha kununua zulia jipya na vipaza sauti viwili, maji yalichukua ukuta mmoja wa jiko lake la udongo usiku wa manane, pamoja na kuni na sufuria, na asubuhi alikuja akasimama tu mlangoni bila kusema neno. Muhtasari wa kikao kilichofuata ndio wa kwanza ambao neno "linashughulikiwa" halimo.

Imamu wetu alitoa kauli fupi katika kikao hicho: jiko la bibi kwanza, mambo yetu baadaye. Fedha zilizokuwa zimetengwa kwa rangi ya mnara zikajenga jiko, na safari hii kwa tofali za kuchoma. Kisha ndipo tulipoanza kuujadili mteremko wenyewe.

Fundi aliyeletwa kupima alishauri ukuta wa mawe na saruji kuanzia kona hadi kona, na gharama aliyoitaja ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yote yaliyokuwamo katika mfuko wa msikiti. Mjumbe mmoja kijana akapendekeza matuta ya ngazi, tuchimbe mteremko mzima. Hapo mzee wetu mmoja, mwenyeji wa milimani upande wa Matombo, akakataa kwa ukali tusiouzoea kwake. Wasomaji vijana huenda hawajui kisa hiki. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao kwa jina la kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya shuruti, na katika udongo mwembamba wa milimani ilizika rutuba na kufukua udongo mfu wa chini. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka huko Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Mzee wetu alikuwa mtoto wakati ule. "Mteremko usifukuliwe," alisema. "Upewe mawe, uvishwe. Usivuliwe nguo."

Na mawe tulikuwa nayo bure. Tulipochimba shimo jipya la choo tulitoa mawe mengi kuliko udongo, na yalikuwa yamerundikwa nyuma ya madrasa, yakisubiri mtu wa kuyaondoa. Basi tukaafikiana: bustani ya mawe juu ya mteremko, ya kuvunja kasi ya maji, na mimea ya kudumu kati ya mawe, isiyodai kumwagiliwa kila siku, kwani katika kiangazi mabomba ya mtaa wetu hukauka.

Hapa ndipo tulipokosea kwa mara nyingine. Vijana wetu, kwa hamasa njema kabisa, walipanda mlimani Jumamosi moja na kurudi na magunia mawili ya shubiri mwitu, ile yenye majani ya madoa meupe na maua mekundu, waliyoing'oa katika miamba. Tuliwashangilia. Imamu alikuwa wa kwanza kuuliza, "Mmeichukua wapi?" Walikuwa wameichukua ndani ya mpaka wa msitu.

Misitu ya Uluguru imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na kabla ya hapo ilikuwa misitu ya hifadhi tangu enzi za ukoloni. Hakuna ruhusa ya kung'oa mmea humo kwa kuwa tu unapendeza. Jambo hili si la karatasi tupu. Mishubiri ya Afrika Mashariki ni ya aina nyingi, na baadhi yake humea katika mwamba mmoja au kilima kimoja tu duniani. Huko Handeni, kaskazini yetu, iko aina ambayo majani yake hugeuka mekundu kama kaa la moto yakipigwa na jua; inapendwa na wapanda bustani wa Ulaya na Marekani, na kwao porini imebaki kidogo sana. Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unaihusisha jamii nzima ya mishubiri isipokuwa aina moja tu, nayo ni hii ya nyumbani, alovera, kwa sababu imekwisha kupandwa kila mahali. Kwa hiyo msomaji anayetaka bustani ya mawe hana haja ya kuupora mlima. Aanze na ile ambayo jirani yake anayo kwenye kopo.

Iliyokuwa bado hai tuliirudisha kwa wahifadhi, na vijana wakaomba radhi. Lakini mingi ilikuwa imekwisha kuoza mikononi mwetu katika siku kumi tu, na kuoza kwake kulitufundisha kilimo cha mmea huu kuliko kitabu chochote. Tulikuwa tumeipanda mara tu baada ya kung'olewa, mizizi ikiwa na majeraha mabichi, katika udongo mweusi wenye samadi nyingi, na tukaimwagilia kila jioni kwa huruma.

Mshubiri haupendi huruma ya namna hiyo. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na katika kufungua huko jua hunyonya maji yake. Mshubiri hufanya kinyume. Huvifunga mchana kutwa na kuvifungua usiku, wakati wa baridi na umande. Hewa inayoivuta huihifadhi ndani ya jani katika hali ya asidi, na kunapokucha huitumia kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, milango ikiwa imefungwa. Maji yake yamo ndani ya jani lenyewe, katika ule ute mweupe unaoteleza, yamefunikwa kwa ngozi ngumu yenye nta. Mmea wa namna hii ukiuwekea mizizi katika tope, mizizi hukosa hewa, kuvu huingia, na uozo hupanda hadi shingoni. Shina likigeuka laini na la kahawia, wengi hudhani una kiu na kuongeza maji. Hapo wanaumaliza.

Miche tuliyonayo leo ilitoka kwa bibi yule yule. Tulipokwenda kukabidhi jiko tuliona kwamba uwa wake wote umezungukwa na makopo ya maziwa na ndoo zilizotoboka, na katika kila moja mna mshubiri wenye watoto wake. Alisema huikata akiungua na mafuta. Tulimwomba vichipukizi vitano. Alitupa ishirini na saba, akakataa malipo, akasema, "Chukueni, wanangu, ila mimi nitakuja kuangalia mnavyopanda."

Na alikuja kweli. Yanayofuata mengi ni ya kwake, na machache ni ya mhitimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine anayeswali nasi.

Kichipukizi hutengwa na mama yake kwa kisu safi kikifikia urefu wa kiganja, kikiwa na mizizi yake michache. Kisha hakipandwi. Huwekwa kivulini, mahali pakavu, siku tatu hadi tano, hata jeraha lifunge na kuwa kama ngozi. Wakati huo ndio wa kupanga mawe. Jiwe kubwa halibandikwi juu ya udongo kama andazi juu ya sinia; huzikwa theluthi yake, na huinamishwa kidogo kuelekea mlimani, ili mvua inayolipiga ielekezwe nyuma, ndani ya mteremko, badala ya kurukia mbele na kuchimba. Tulianza chini na kupanda juu, mstari kwa mstari, kila mstari ukifuata usawa wa mteremko, na kila jiwe likikaa mbele ya pengo la mawe mawili ya chini yake. Vijana walitaka kupanga kwa umbo la nyota na mwezi. Tulicheka, lakini maji hayasomi michoro.

Katika mapengo tulitia mchanganyiko wa mafungu mawili ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa na changarawe, fungu moja la udongo wa kawaida, na samadi ya zamani iliyokwisha kuwa kama vumbi, konzi moja tu kwa shimo. Mche huwekwa hadi pale majani yanapoanza, usizikwe shingo. Kutoka mche hadi mche tuliacha nusu mita au zaidi, kwa kuwa mshubiri ukikomaa hutanuka na kuzaa watoto kila upande. Juu ya udongo, kuuzunguka mche, hutandazwa kokoto, ili majani ya chini yasilale juu ya unyevu. Juma la kwanza haumwagiliwi hata tone. Baada ya hapo, kwa mwaka wa kwanza tu, kopo moja la maji kila baada ya majuma mawili katika kiangazi, na katika masika hakuna kabisa. Mwaka wa pili na kuendelea sisi tunautazama mmea wenyewe: majani yakikonda na kujikunja pembeni kama karatasi, tunaupa maji, yakiwa yamejaa, tunauacha. Kwa hiyo wale waliouliza kama haumwagiliwi wanaweza kujibiwa kwamba humwagiliwa, ila mara chache kiasi kwamba hakuna aliyewahi kutuona tukifanya hivyo.

Jua ni jambo ambalo tulibahatika bila kupanga. Mji wetu uko upande wa kaskazini wa mlima, na mteremko wetu unatazama kaskazini. Kuanzia Juni hadi Agosti jua hupita upande huo wa mbingu, na mteremko hulipokea tangu asubuhi hadi jioni. Mshubiri uliopandwa chini ya mwembe utaishi miaka mingi na hautatoa ua hata moja. Mche uliozoea kivuli nao usihamishiwe juani kwa siku moja, kwani majani hubabuka na kuwa mekundu. Tunausogeza kidogo kidogo kwa juma moja au mawili.

Lazima tuwe wakweli hapa, maana tumesikia watu wakisema kwamba shubiri huzuia mmomonyoko. Mizizi yake haishuki sana. Kinachoshika mteremko ni mawe, na pembeni mwa mawe tumepanda mistari ya mchaichai, ambao mizizi yake ni mingi na iliyoshikana, na majani yake huchumwa na kina mama kwa chai. Mshubiri kazi yake ni kukaa pale ambapo mmea mwingine ungekufa, kufunika mapengo, na kuwafanya watu waipende bustani kiasi cha kutoipita bila kurudisha jiwe lililoteleza.

Watoto wa madrasa waliuliza kwa nini uitwe hivyo. Katika Kiarabu shubiri ni *swabir*, na subira ni *swabr*. Herufi za asili ni zile zile tatu, swad, ba na ra. Kiswahili kimepokea maneno yote mawili, na kila mtu husema "chungu kama shubiri" bila kukumbuka kwamba subira imo ndani yake. Mmea huu umo pia katika vitabu vya Hadithi. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba aliyeumwa macho akiwa katika ihramu aliagizwa kuyapaka shubiri. Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya Bibi Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyejipaka shubiri usoni akiwa katika eda ya kufiwa na mumewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza aitumie usiku na kuiondoa mchana, kwa kuwa hung'arisha uso. Shubiri iliyosifika zamani katika Bahari ya Hindi ilitoka kisiwa cha Suqutra, na al-Mas'udi, mwanajiografia aliyeondoka pwani yetu ya Zanj kwenda Oman mwaka 916, ni mmoja wa walioitaja. Bila shaka majahazi yaliyoleta tende yalileta na vipande vya shubiri kavu.

Lakini kwa familia zinazosoma ukurasa huu, neno moja la tahadhari lina thamani kuliko historia hiyo yote. Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti. Kati yake mna ute mweupe usio na rangi, ambao wengi huupaka juu ya ngozi iliyoungua kidogo au iliyokauka. Chini tu ya ngozi mna utomvu wa manjano, mchungu, nao ndio shubiri yenyewe. Utomvu huu ni dawa kali ya kuendesha tumbo. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa utomvu huo ziondolewe madukani, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukutosha. Mjamzito asiunywe, anayenyonyesha asiunywe, mtoto asinyweshwe, na mwenye maradhi ya figo akae nao mbali. Tunasema hivi kwa sababu katika mitaa yetu huuzwa chupa za maji ya alovera kwa madai ya kutibu kila kitu kuanzia kisukari hadi husuda. Kuna na ile desturi ya kina mama wa pwani ya kupaka shubiri kwenye titi ili kumwachisha mtoto ziwa. Tusiwalaumu bibi zetu, ila mwenye kuifuata akumbuke kwamba mtoto hulamba kabla ya kulia. Na jeraha kubwa la moto ni la hospitali, si la bustani.

Mkonge, ambao Morogoro yote inaujua kwa mashamba yake, si ndugu wa mshubiri ingawa wamefanana kwa sura. Mkonge ni mgeni kutoka Amerika. Ulifikishwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mkonge huchanua mara moja katika umri wake, ukapandisha mlingoti mrefu, kisha ukafa. Mshubiri huchanua mwaka baada ya mwaka. Wasomaji wengine wametushauri tuongeze waridi la jangwani, lile lenye shina lililovimba na maua ya waridi. Ni zuri, na linapenda mawe, lakini utomvu wake ni sumu iliyotumika kupaka mishale, na uwanja wetu una watoto mia moja kila Jumamosi. Mnyaa tuliukataa kwa sababu hiyo hiyo. Tone la maziwa yake likiingia jichoni ni msiba. Na wale wanaokumbuka ua dogo la zambarau la miamba yenye maji huko juu msituni, ambalo ndugu zake wa Usambara walipelekwa Ulaya na Walter von Saint Paul-Illaire mnamo 1892 na sasa limejaa madirishani duniani kote kwa jina lake, tunawaambia kwamba hilo linataka kivuli na ukungu. Kwenye mteremko wetu lingekauka kabla ya Ijumaa.

Tulipokuwa tukipanga mawe tuligundua jambo jingine la aibu. Maji yaliyokuwa yakichimba korongo hayakuwa ya mvua peke yake. Kiangazi chote korongo lilikuwa na unyevu, na unyevu huo ulitoka mahali petu pa kutawadhia. Tuliweka ndoo chini ya bomba, mtu mmoja akatawadha kama kawaida yake, tukapima: karibu lita saba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja ya leo. Tuliijua Hadithi hiyo tangu chuoni, na tuliifundisha. Tulikuwa hatujawahi kuiwekea ndoo. Mabomba sasa yamefungwa koki ndogo zinazojifunga zenyewe, na maji yanayobaki hupelekwa kwa bomba la plastiki hadi kwenye migomba minne iliyo pembeni. Wanafunzi wa fiqhi watauliza juu ya maji yaliyokwisha kutumika: katika madhehebu ya Imamu Shafi ni safi yenyewe, ila hayasafishi, na mgomba haujawahi kulalamika.

Masika ya kwanza baada ya kupanda, mawe mawili ya mstari wa juu yalihama na miche minne ikasombwa. Tukayarudisha, tukayazika zaidi. Masika haya yaliyopita hakuna jiwe lililohama, korongo limejaa mchanga hadi kina cha kifundo cha mguu, na maji yanayofika kwa bibi yanafika polepole, yakiwa meupe. Bado yanafika. Mtaro wa kuyapeleka hadi kijitoni umo katika ajenda ya mwezi ujao, na safari hii bibi mwenyewe amealikwa kikaoni.

Siku tuliyopanda, mjumbe mmoja mcheshi aliikumbusha kamati ile Hadithi ya mwenye kupanda mti, ambaye kila ndege na kila mtu alaye katika mti wake huandikiwa yeye sadaka. "Lakini nyinyi," akasema, "mmechagua mti ambao hata mbuzi anaukimbia. Ni ndege gani atakula shubiri?" Tulicheka sote. Juni hii mikuki tisa ilisimama, maua yake yakafunguka kuanzia chini kwenda juu, na ndani ya kila ua mlikuwa na tone tamu. Chozi walikuja asubuhi ya pili, madogo, wenye mng'ao wa kijani, wakining'inia kwenye mikuki na kuingiza midomo yao iliyopinda. Huko juu msituni yuko chozi mmoja ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Uluguru. Hawa wetu ni wa kawaida wa mjini, lakini mjumbe yule alisimama akiwatazama hadi akachelewa kazini.

Vichipukizi sasa ni vingi kuliko nafasi tuliyonayo. Anayetaka aje Jumapili baada ya swala ya Alasiri na kopo lake lililotobolewa chini, mtu mmoja vichipukizi viwili, bila malipo. Bibi atakuwapo kuangalia mnavyobeba, na anakataza mifuko ya plastiki, kwa kuwa mche hutokwa jasho humo na kuoza kabla ya kufika nyumbani.